Ushuhuda Juu ya Barafu: Zacharias Kunuk, Sanaa ya Video na Haki ya Tabianchi

Utangulizi

Neno "ushuhuda" limezoeleka mno katika sharika zetu. Mara nyingi tunalitumia kwa habari ambazo Mkristo husimulia mbele ya wenzake kuhusu mambo aliyotendewa na Mungu. Lakini katika Biblia neno hilo ni la barazani kabla ya kuwa la ibadani. Shahidi ni mtu aliyeona jambo, akasimama langoni mbele ya wazee na kusema alichokiona, na uhai au urithi wa jirani yake ukategemea maneno yake. Ndiyo sababu Torati ililiwekea jambo hili amri ya pekee, ambayo kwa hesabu ya Katekisimu yetu ni ya nane.

Makala hii inakusudia kueleza ushuhuda wa namna hiyo uliotolewa mbali sana na kwetu. Mnamo Julai 2012, katika kijiji cha Igloolik kilichoko kaskazini mwa Kanada, msanii wa video aitwaye Zacharias Kunuk, Mwinuiti kwa kabila, alifika mbele ya Bodi ya Nunavut ya Kuchunguza Athari za Miradi. Bodi hiyo ilikuwa ikisikiliza maoni ya watu kuhusu mgodi mkubwa wa chuma uliokusudiwa kufunguliwa katika nchi ya wawindaji. Tutaangalia kwanza huyu mtu na kazi yake, kisha yale aliyoyaleta mbele ya Bodi, na mwisho tutauliza jambo hili linalidai nini Kanisa. Swali letu kuu ni hili: Ni nani anayehesabiwa kuwa shahidi halali wa mateso ya uumbaji?

1. Mtu na kamera yake

Kunuk alizaliwa mwaka 1957 mahali paitwapo Kapuivik, karibu na Igloolik, katika jamaa iliyoishi kwa kuwinda na kuhamahama. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka tisa, aliletwa kijijini ili asome shule ya serikali. Hapo alifundishwa kwa Kiingereza, nao wazee wake wakabaki na elimu yao ya barafu, upepo na wanyama bila mwanafunzi wa kuwapokea kila siku kama ilivyokuwa desturi.

Alipokuwa kijana alichonga vinyago vya mawe. Mwaka 1981 alisafiri hadi Montreal, akauza vinyago vyake, na kwa fedha hizo akanunua kamera ya video. Ili tuelewe uzito wa tendo hilo, yatupasa kukumbuka kwamba katika miaka ya 1970 wakazi wa Igloolik walikuwa wamepiga kura mara mbili kuikataa televisheni. Hawakuikataa kwa kuogopa mambo mapya. Waliikataa kwa sababu haikuwa na neno hata moja la Kiinuktitut, lugha yao, nao waliona kwamba chombo kinachosema usiku kucha ndani ya nyumba kwa lugha ya kigeni kingewanyang'anya watoto wao. Basi, Kunuk alichukua chombo kilekile na kukigeuza kiseme lugha ya nyumbani.

Mwaka 1990 yeye na wenzake Paul Apak Angilirq, Pauloosie Qulitalik na Norman Cohn waliunda kampuni ya Isuma, neno lenye maana ya kufikiri. Filamu yao ya Atanarjuat, iliyokuwa ya kwanza ya urefu kamili kutungwa, kuongozwa na kuigizwa kwa Kiinuktitut, ilitunukiwa tuzo ya Caméra d'Or huko Cannes mwaka 2001. Mwaka 2019 Isuma iliiwakilisha Kanada katika maonyesho ya sanaa ya Venice.

Jambo la kuzingatia ni namna wanavyofanya kazi. Wazee huulizwa kwanza na wanawake hushona mavazi ya ngozi kama yalivyoshonwa zamani, huku wanakijiji wenyewe wakiwa waigizaji. Kamera humsubiri msemaji amalize, hata akinyamaza katikati ya usemi wake. Kwa hiyo video mikononi mwao ni baraza zaidi kuliko burudani.

2. Wazee walioona jua likihama

Mwaka 2010 Kunuk, pamoja na mtafiti Ian Mauro, alitoa filamu iitwayo Qapirangajuq, inayohusu maarifa ya Wainuiti na mabadiliko ya tabianchi. Wasemaji wake ni wazee na wawindaji, nao wanasema kwa Kiinuktitut na maandishi ya tafsiri chini ya picha. Wanaeleza kwamba barafu ya baharini inachelewa kuganda na inawahi kuvunjika. Wanaeleza pia kwamba upepo umebadili njia. Jambo hili la upepo si dogo, maana mwindaji wa huko hutambua njia yake kwa kutazama matuta ya theluji ambayo upepo ule mmoja huyachonga kuelekea upande mmoja. Upepo ukigeuka, hata matuta hayo humdanganya msafiri, na katika nchi ile kupotea njia ni kufa.

Lakini usemi uliozua mabishano makubwa kuliko yote ulikuwa mwingine. Wazee walisema kwamba jua halichomozi wala kuchwea mahali pake pa zamani, na nyota nazo zimehama. Wengine wakahitimisha kwamba dunia yenyewe imeinama. Kwa sikio la mtaalamu wa anga maneno haya ni upuuzi, kwa kuwa mhimili wa dunia haujainama kwa kiasi ambacho jicho la mtu lingeweza kukitambua.

Hata hivyo kuna maelezo. Hewa iliyo karibu na barafu ikiwa baridi sana, na juu yake likawepo tabaka la hewa yenye joto zaidi, nuru inayopita kati yake hupindika na kuufuata mviringo wa dunia. Hapo jua huonekana juu ya upeo wa macho ingawa kwa hakika liko chini yake. Mabaharia wa Barents waliokwama barafuni katika kisiwa cha Novaya Zemlya waliliona jambo hili mwaka 1597, na waliporudi hawakusadikiwa kwa urahisi. Joto la matabaka ya hewa likibadilika, mpindo wa nuru nao hubadilika, na mtu aliyelitazama jua kutoka mlango uleule kwa miaka sitini anaweza kuona tofauti.

Kwa mantiki hiyo tunapaswa kutofautisha mambo mawili: alichokiona shahidi, na sababu anayoitoa. Wazee waliweza kukosea katika sababu, nao wakawa wa kweli katika walichokiona. Anayeutupa ushuhuda wote kwa kuwa maelezo yake hayafai, huyo hajawa mwanasayansi mzuri wala hakimu wa haki.

Hatuna budi kuwa waangalifu upande wa pili pia. Katika filamu hiyohiyo wazee wanapingana na watetezi wengi wa mazingira kuhusu dubu weupe. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliwaorodhesha dubu hao kuwa wanyama walio hatarini. Wazee wanasema kwamba wanawaona wengi karibu na vijiji, na wanalaumu desturi ya watafiti ya kuwachoma dawa za usingizi na kuwafunga kola. Shahidi wa kweli hasemi yale tu ambayo marafiki zake wanapenda kuyasikia. Kama tunawasikiliza Wainuiti pale tu wanapotupatia picha nzuri ya huzuni, basi hatujawasikiliza.

3. Mbele ya Bodi, 2012

Mradi wa mgodi wa Mary River, wa kampuni ya Baffinland, ulipoletwa mbele ya Bodi ulikusudia kuchimba tani milioni 18 za madini ya chuma kila mwaka. Reli ya kilometa 149 ingepeleka madini hayo hadi bandari ya Steensby katika bahari ya Foxe, na meli za kuvunja barafu zingepita huko mwaka mzima. Bahari hiyo ndiyo ghala ya chakula ya watu wa Igloolik. Barafu yake ni njia yao, na chini yake wanaishi sili na wanyama wengine ambao nyama yao hugawanywa nyumba kwa nyumba.

Maelezo ya mradi yalikuwa maelfu ya kurasa, sehemu kubwa ikiwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Hapa ndipo Kunuk alipoweka mkazo wa neno lake. Hakuja kwanza kusema kwamba mgodi ufunguliwe au usifunguliwe. Alikuja kusema kwamba watu ambao elimu yao hupokewa kwa sikio hawawezi kuhesabiwa kuwa wameridhia jambo ambalo hawakuelezwa kwa lugha yao na kwa njia yao. Yeye na wenzake walitumia redio ya kijiji, video na mtandao ili wazee waulize na kujibiwa kwa Kiinuktitut, na sauti hizo wakazileta mbele ya Bodi. Pamoja nazo aliwasilisha uchunguzi wa athari za mradi kwa haki za binadamu, uliotayarishwa na mwanasheria Lloyd Lipsett.

Je, alisikilizwa? Mradi ulipewa cheti mnamo Desemba 2012. Kampuni ilianza kwa njia nyingine, ikisafirisha madini kupitia Milne Inlet upande wa kaskazini, na shehena ya kwanza iliondoka mwaka 2015. Baadaye iliomba kuongeza usafirishaji kutoka tani milioni 6 hadi milioni 12 kwa mwaka. Mnamo Februari 2021 kikundi cha wawindaji kilifunga barabara na uwanja wa ndege wa mgodi. Mei 2022 Bodi ilishauri ombi la nyongeza likataliwe, na Novemba mwaka huohuo waziri mhusika akalikataa.

Ni vema kusema wazi kwamba Wainuiti wenyewe hawakuwa na kauli moja. Mkataba wa ardhi wa mwaka 1993, uliotangulia kuundwa kwa Nunavut mwaka 1999, uliwapa haki juu ya sehemu za nchi hiyo pamoja na mapato yake, na vijana wengi wanahitaji kazi. Umaskini ni hoja nzito. Lakini hoja hiyo haiondoi swali la Kunuk, bali inalitia nguvu, maana mwenye njaa ndiye aliye rahisi kuridhia asichokielewa.

4. Haki ya tabianchi na sura ya Kanisa

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1979 eneo la Aktiki limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Wakazi wote wa Nunavut katika sensa ya 2021 hawakufika hata 37,000. Watu wachache kiasi hicho hawawezi kuwa chanzo cha hali hiyo. Hiyo ndiyo maana ya haki ya tabianchi: wasiokula karamu ndio wanaoletewa hesabu yake. Mnamo Desemba 2005 Sheila Watt-Cloutier na Wainuiti wenzake 62 walipeleka malalamiko yao kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika. Malalamiko hayo hayakupokewa kama kesi, ingawa mwaka 2007 Tume iliwaita ili waeleze. Mashahidi walisikika, lakini hukumu haikutolewa.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili liko nje ya nyumba yetu ya Kilutheri. Hans Egede, mchungaji wa Kilutheri, alifika Greenland mwaka 1721, na hadi leo Wainuiti wengi wa huko ni Walutheri. Knud Rasmussen, aliyeongoza msafara wa utafiti wa 1921 hadi 1924 uliopita Igloolik, alizaliwa Greenland katika nyumba ya mchungaji.

Kunuk na Cohn walimtengenezea Rasmussen filamu mwaka 2006. Ndani yake mganga wa jadi Avva na watu wake, wakiwa na njaa, wanafika katika kambi ya Igloolik ambayo kiongozi wake, Umik, ni Mwinuiti aliyeipokea imani mpya. Chakula kipo, lakini wanaogawiwa ni wale tu wanaokubali kuongoka. Mwishowe Avva anaziaga roho zilizomsaidia, nazo zinaondoka zikilia. Mchungaji akiitazama filamu hiyo hawezi kufurahi kirahisi kwamba mtu mmoja zaidi ameingia kundini. Sisi tunaofundisha kwamba wokovu ni kwa neema tu tunaonyeshwa ubatizo uliopimwa kwa kipande cha nyama.

Kanisa lilifanya zaidi ya hayo. Makanisa yaliendesha shule za bweni zilizowatenga watoto na lugha zao. Askofu Mkuu Michael Peers wa Kanisa la Anglikana la Kanada aliomba radhi mwaka 1993, na Papa Fransisko alifanya hivyo mbele ya Wainuiti huko Iqaluit mwaka 2022. Ni lazima tuliunganishe jambo hili na tabianchi. Aliyeinyamazisha lugha ya wazee aliinyamazisha pia elimu yao ya barafu, kwa kuwa elimu hiyo haikuandikwa mahali pengine popote.

5. Tafakari ya kitheolojia

Kwanza, tutazame Yohana 9. Yule aliyezaliwa kipofu anahojiwa na wasomi mara mbili. Hajui kueleza asili ya Yesu wala jinsi jambo lilivyowezekana. Analojua ni moja tu, kwamba alikuwa haoni na sasa anaona. Wasomi wanamfukuza kwa sababu hana sifa za kuwafundisha. Mwinjili anaonyesha kwamba walio vipofu ni wao. Mzee wa Igloolik asemaye kwamba jua limehama anasimama mahali pa mtu huyo.

Pili, tutazame 1 Wafalme 21. Mashamba huchukuliwa kwa panga mara chache kuliko kwa karatasi. Yezebeli aliandika barua, akazitia muhuri, ukatangazwa mfungo, baraza likaketi na mashahidi wakapatikana. Utaratibu ulikuwapo wote ila haki. Hatusemi kwamba Bodi ya Nunavut ilikuwa baraza la Yezebeli, maana mwaka 2022 ilionyesha kwamba inaweza kusikia. Tunasema kwamba kuwapo kwa kikao, mihuri na kumbukumbu hakuthibitishi kwamba Nabothi amesikilizwa.

Tatu, Luther katika Katekisimu Ndogo hakuishia kwenye kukataza uongo alipoeleza amri ya nane. Alituagiza pia kumtetea jirani na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Basi kunyamaza wakati neno la jirani linapobezwa ni kuivunja amri hiyo. Na katika mabishano ya Heidelberg ya mwaka 1518 alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake halisi. Maendeleo yanayowaacha wenye nchi bila njia wala chakula yana jina lingine.

Nne, katika Ayubu 38:29 Mungu anamwuliza Ayubu habari za chimbuko la barafu. Swali hilo linatunyamazisha sisi sote, msomi, mwenye mgodi na mzee pia, kwa kuwa barafu ina Bwana wake. Katika Kiinuktitut neno sila lina maana ya hewa ya nje na hali ya hewa, na pia linahusiana na akili na hekima. Tusifanye haraka kulilinganisha na Roho Mtakatifu. Huo ungekuwa uvivu wa kitheolojia. Lakini wasomaji wa Kiebrania, wanaojua kwamba neno moja laweza kubeba upepo, pumzi na roho, hawatashangaa kuona kwamba kwa watu wengine pia kuharibu hewa na kupungukiwa akili ni mambo yanayokaribiana.

6. Mambo yanayotuhusu

Mwaka 2017 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Windhoek na kutamka kwamba wokovu hauuzwi, wanadamu hawauzwi, na uumbaji hauuzwi. Maneno hayo yanahitaji mikono, na kwetu yana mahali pa kuanzia. Barafu ya Kibo ilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007. Chuma kimo pia katika milima ya Liganga, wilayani Ludewa. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

La kwanza, mchungaji ajifunze kuwauliza wazee wa usharika wake habari za mvua, chemchemi na mbegu, na kuandika au kurekodi majibu yao kwa lugha yao ya kwanza. Simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wa theolojia leo inafanya kazi ambayo kamera ya 1981 haikuweza kuifanya. Kurekodi huko kufanywe kwa ridhaa ya msemaji, nayo kumbukumbu iwe mali ya watu wake.

La pili, mradi wowote unapoletwa katika eneo la usharika, Kanisa liulize kabla ya mengine yote: Je, bibi asiyejua kusoma ameelezwa, kwa lugha gani, na amepewa muda gani wa kufikiri na kujibu? Hilo halihitaji utaalamu wa madini. Linahitaji mtu aliyezoea kuketi na watu, na mchungaji ndiye mtu huyo.

La tatu, vyuo vyetu vitoe nafasi kwa sanaa kama njia ya kufanya theolojia. Mtu aliyefundishwa kutunga hotuba peke yake huona vigumu kumsikiliza mwingine mpaka mwisho.

Hitimisho

Tuliuliza ni nani shahidi halali wa mateso ya uumbaji. Jibu la Maandiko ni kwamba shahidi ni yule aliyeona, hata kama hana cheo, hana lugha ya baraza, wala hana maelezo kamili. Kunuk hakuwasemea wazee wake. Aliwashikia kamera mpaka wakasema wenyewe. Nadhani huduma ya Kanisa katika jambo hili haipungui hapo. Na kwa kuwa chakula kiliwahi kutumiwa mahali pengi kununua masikio ya watu kwa Injili, ingefaa sasa sisi tuliopokea bure tutoe masikio yetu bure, kabla hatujafungua kinywa kuhubiri.